Magurudumu na Miguu ya Mashine Nzito



Nimeombwa niseme machache juu ya magurudumu na miguu ya mashine za karakana. Msidhani hayo ni ya mafundi peke yao. Hati ya kuagiza huandikwa na karani. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza magurudumu manne ya mashine ya kilo 900, nikagawanya uzito kwa nne: kilo 225 kila moja. Sakafu haikuwa sawa. Tulipoisukuma, gurudumu moja likaning'inia, matatu yakabeba mzigo wote, na moja katika hayo likavunjika. Fundi aliruka, akanusurika. Tangu siku hiyo nagawanya kwa tatu: kilo 300.

Tena, gurudumu ni la kuhamishia mashine, si la kufanyia kazi. Mashine ya kukereza chuma na isimame juu ya miguu ya skrubu, magurudumu yakiwa yameinuliwa, nayo isawazishwe kwa pimamaji. Mwili wake ukipindika hata kidogo, chuma hutoka kinene upande huu na chembamba upande ule.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kuandika hati, mwulizeni fundi habari za uzito na sakafu. Kalamu yetu ni nyepesi, lakini mashine ni nzito.