Kichwa Kujaa Maji, na Picha Iliyong'arishwa na Kompyuta

Leo tuzungumze juu ya kichwa kujaa maji, na ile picha ambayo daktari huagiza.

Kichwa cha mtoto mchanga kikikua upesi kupita kiasi, utosi ukivimba hata akiwa ametulia, macho yakiangalia chini, akitapika mara kwa mara, usiseme ni jicho la watu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mashine kubwa ya MRI huwa na sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3. Ni ghali, na wengi wetu tuko mbali nayo. Sasa kuna ndogo ya magurudumu, ya tesla 0.064, inayosukumwa hadi kando ya kitanda. Picha yake ina ukungu. Kwa hivyo wataalamu wametengeneza programu za akili bandia za kuing'arisha. Programu hufundishwa kwa picha nyingi za watu wengine, kisha hukisia vile picha ya mtoto wako ingekuwa kwenye mashine kubwa. Sikiza neno hilo, mama: hukisia. Ni kama fundi wa studio anayerekebisha picha ya babu iliyofifia. Sura itapendeza, lakini huenda akachora kisichokuwapo, au akafuta kovu.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya kwa picha za CT za watoto wa hospitali ya CURE, Mbale, hapo Uganda ng'ambo ya Mlima Elgon. Waliona kwamba picha hafifu mara nyingi yamtosha daktari kupanga matibabu, kwa sababu anachotafuta ni maji yako wapi na ubongo uko wapi. Zile zilizong'arishwa ndizo zilizoweza kumpotosha.

Nalisema hili kwa sababu wengine hutuambia, "Sista, hii picha haionekani vizuri, wacha nikatafute nyingine." Mwezi unapita, na maji yanazidi kuufinya ubongo.

Muulize daktari bila kuogopa: "Picha hii imerekebishwa na kompyuta? Ile ya kwanza mmeiangalia?" Swali hilo halimkasirishi daktari mzuri. Na ukienda, beba kitabu cha kliniki chenye vipimo vya kichwa, pamoja na picha zote za awali, hata zile za ukungu.