Mchezo Ukanyagwe na Wazee



Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaokufa wengi ni waliovuka miaka 60. Kwa hiyo michezo ya video inayochezwa kwa mwili mzima, ikiwa inaweza kupunguza kuanguka, ni suala la nyonga za wazazi wetu.

Nintendo ilitoa Wii, mashine ya michezo ya video inayochezwa kwa kusogeza kidhibiti kilichoshikwa mkononi, mwaka 2006. Mwaka 2010 Microsoft ikaleta Kinect, kamera inayoufuata mwili bila mchezaji kushika chochote. Mingi ya michezo hiyo ilimlenga kijana: simama, inua mikono, jibu upesi. Mzee mwenye bega lililokakamaa akihesabiwa kuwa ameshindwa, aliyeshindwa hasa ni mbunifu. Kathrin Gerling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Canada, walianza na mwili. Katika utafiti wao wa mwaka 2012, wakazi wa nyumba ya kulelea wazee walijaribu kwanza miondoko yenyewe; mchezo wa kutunza bustani ukafuata, nao ulichezeka hata kwa aliyeketi. Mpangilio huo ndio ninaowafundisha wanafunzi wangu.

Hata hivyo, furaha peke yake haitoshi. Tafiti nyingi hukusanya wazee wachache kwa wiki kadhaa, hujaza madodoso, kisha hunyamaza. Je, wazee waliocheza wanaanguka mara chache zaidi?

Huko Sydney, Australia, Daina Sturnieks na wenzake waliuliza swali hilo kwa watu 769 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kundi moja lilipewa mkeka uliounganishwa na televisheni, likacheza nyumbani kwa kukanyaga kufuata alama kwenye kioo. La pili lilicheza michezo ya kuchangamsha akili likiwa limeketi. La tatu lilipewa kijitabu cha ushauri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: baada ya miezi 12, kuanguka kulikuwa kumepungua kwa asilimia 26 katika kundi la mkeka likilinganishwa na la kijitabu. Kwa waliocheza wameketi, kinga ya namna hiyo haikuthibitika. Nami sishangai. Mtu akijikwaa, kinachomwokoa ni hatua moja ya haraka, iliyotua mahali pake. Na hatua ndiyo waliyokuwa wakiifanyia mazoezi wale wa mkeka.

Ninyi vijana mnaobuni programu za afya katika chuo hiki, waiteni wazee kabla hamjaandika msimbo. Muulizeni kila mmoja goti lipi linauma. Wekeni karibu kiti imara na mtu wa kumshika asianguke. Kisha msiondoke baada ya wiki sita: mfuatilieni mwaka mzima, na mwandike kila mara anapoanguka.