Mwanafunzi na Mwalimu Wake katika Hadithi za Kichina za Panga

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani



Kamati iliponiomba nizungumze juu ya vitabu, iliniachia nichague mwenyewe ni vitabu gani. Nimechagua hadithi ambazo sisi wazee wengi hatuzijui kwa jina, ingawa tuliziona kwa macho, na ambazo vijana wengi wanazijua kwa jina na huzisoma katika simu zao (wakati wa likizo, natumaini, Mwalimu Mkuu). Nazo ni hadithi za Kichina za mashujaa wa panga, ziitwazo wuxia, pamoja na ndugu zao wadogo, hadithi za watu wanaotafuta kutokufa, ziitwazo xianxia.

Nasema tuliziona kwa macho kwa sababu katika miaka ya 1970 filamu za Hong Kong zilijaza majumba ya sinema katika miji yetu. Anayemkumbuka Bruce Lee katika Fist of Fury, filamu ya mwaka 1972, atakumbuka jinsi inavyoanza. Kijana anarudi Shanghai na kukuta mwalimu wake amefariki, na mazishi yamekwisha kuanza. Anajitupa juu ya jeneza, akilia, huku wenzake wakimvuta. Mwalimu yule, Huo Yuanjia, alikuwa mtu wa kweli, aliyefariki mwaka 1910. Kijana Chen Zhen ni wa kubuniwa. Sisi tulikwenda kutazama mateke. Lakini ukiyaondoa mateke kinabaki kijana mmoja na swali moja: ana deni gani kwa aliyemfundisha, na kwa chuo kilichomlea? Swali hilo ndiyo nguzo ya fasihi yote nitakayoieleza, nami nimeona linafaa katika mkutano ulioitishwa kwa jina la shule.

Tuanze na maneno. Wu ni ustadi wa vita. Xia ni neno gumu kidogo. Ni mtu anayetumia nguvu zake kumtetea aliyeonewa, anayetimiza ahadi hata ikimgharimu maisha yake, na asiyengoja kibali cha serikali. Mwanahistoria Sima Qian, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwatengea watu wa namna hiyo sura nzima katika kitabu chake kikubwa cha historia. Aliona wazi kwamba wanavunja sheria, lakini akawasifu kwa kushika neno lao. Yeye mwenyewe alikuwa amehasiwa kwa amri ya mfalme kwa kosa la kumtetea jemadari aliyeshindwa vitani, na katika mahakama ile hapakuwa na rafiki aliyethubutu kufungua kinywa kwa ajili yake. Basi mtu huyo alijua thamani ya xia kuliko sisi.

Mashujaa hawa huishi katika ulimwengu uitwao jianghu, maana yake “mito na maziwa”. Si mahali katika ramani. Ni maisha ya nyumba za wageni na vivuko, ya watawa, ombaomba, wachuuzi na walinzi wa misafara, ambayo yanakwenda sambamba na maisha ya serikali, yakiwa na sheria zake yenyewe. Mfalme yuko, na liwali yuko, lakini ugomvi wa jianghu huamuliwa na watu wa jianghu.

Ndani ya ulimwengu huo kuna vyuo. Viwili vilivyo maarufu zaidi vimechukua majina ya mahali pa kweli: Shaolin, nyumba ya watawa wa Kibuddha katika jimbo la Henan, na Wudang, mlima wa Watao katika jimbo la Hubei. Kila chuo kina mkuu wake, kitabu chake cha siri, na mapigo ambayo ni haramu kumfundisha mgeni. Mwalimu huitwa shifu, na katika maandishi ya Kichina neno hilo huweza kuandikwa kwa alama mbili, ya mwalimu na ya baba. Wanafunzi ni ndugu, na hapa kuna jambo litakalowafurahisha: ukubwa hauhesabiwi kwa umri bali kwa siku ya kuingia. Kijana wa miaka 15 aliyepokewa mwaka jana ni kaka wa mtu wa miaka 40 aliyepokewa leo asubuhi, na mzee huyo sharti amwamkie kwa heshima. Naona baadhi yenu mnacheka. Bila shaka mmekumbuka mambo ya Kidato cha Kwanza.

Nguvu yenyewe hutoka katika qi, yaani pumzi, ambayo Wachina wa kale waliiona kuwa uhai unaopita katika mishipa ya mwili. Mwanafunzi huikusanya chini ya kitovu, mahali paitwapo dantian, “shamba la dawa”. Akiimiliki huweza kuruka mapaa ya nyumba kama paka. Hiyo ndiyo sababu ya watu wa filamu zile kupaa hewani, jambo ambalo wengi wetu tulilidhani ni ulaghai wa mpiga picha tu.

Hadithi hizi zina mizizi mirefu, lakini katika umbo tunalolijua leo zilitoka magazetini. Mwezi Januari 1954 walimu wawili wa vyuo mbalimbali, Wu Gongyi na Chan Hak-fu, walipambana ulingoni Macau kwa kuchangisha fedha za hisani. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili bila mshindi. Hong Kong nzima ikawa haina jambo jingine la kuzungumza, na baada ya siku tatu gazeti moja la jioni likaanza kutoa hadithi ya panga, sehemu kwa sehemu, iliyoandikwa na Liang Yusheng. Mwaka uliofuata mwenzake katika gazeti hilo, Zha Liangyong, akaanza ya kwake kwa jina la Jin Yong. Mwaka 1959 alianzisha gazeti lake mwenyewe, Ming Pao, na wengi walilinunua kwa ajili ya hadithi kwanza na habari baadaye. Hadi mwaka 1972 alikuwa amemaliza riwaya zake zote. Alifariki mwaka 2018. Serikali ya Taiwan ilivizuia vitabu vyake hadi mwaka 1979, na Uchina bara haikuvichapa mpaka karibu na wakati huo huo. Vilisomwa hata hivyo, kwa nakala za magendo.

Katika riwaya hizo zote nataka kukaa juu ya moja tu, Xiao'ao Jianghu, iliyotolewa gazetini tangu 1967 hadi 1969. Shujaa wake, Linghu Chong, ni yatima aliyelelewa na mwalimu wake Yue Buqun, mkuu wa chuo cha mlima Huashan. Yeye ndiye kaka mkubwa wa wanafunzi wote. Ni mlevi, mtani, na mwepesi wa kufanya urafiki na watu wasiofaa. Akifanya kosa hupelekwa kwenye genge la mlima kutazama ukuta mwaka mzima. Mwalimu wake, kinyume chake, ni mtu wa adabu kamili, mpaka jianghu nzima inamwita “Upanga wa Muungwana”. Kitabu cha siri kinapopotea, mwalimu anamtuhumu kijana. Kisha anamfukuza, na kuandika barua kwa vyuo vyote kuwatangazia kwamba Linghu Chong si mwanafunzi wake tena.

Msomaji anatambua polepole, na kwa uchungu, kwamba mwizi wa kitabu ni mwalimu mwenyewe. Mafunzo ya kitabu hicho yana sharti moja baya, kwamba anayeyataka ajihasi kwanza. Naye Upanga wa Muungwana amekubali, kwa siri, ili apate kuwa mkubwa wa vyuo vyote. Sasa mtazameni mwanafunzi. Amesingiziwa na amefukuzwa, na kwa upanga amekwisha kumpita mwalimu. Hata hivyo wanapokutana mkono wake unasita. Anaendelea kuota siku ambayo atarudishwa chuoni. Hata mwishoni, anayemwua Yue Buqun si yeye.

Wako wanaosema huo ni udhaifu, kwamba mwovu ni mwovu hata kama alikulisha. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1966, katika shule za Beijing, wanafunzi walianza kuwapiga walimu wao na kuwaaibisha hadharani, na baadhi ya walimu walikufa. Mwaka mmoja baadaye, ng'ambo ya mpaka, mwandishi huyu anatuletea mwanafunzi mwenye haki zote za kumchukia mwalimu wake, na bado hawezi kumwinulia mkono. Jin Yong alisema alikuwa akiwachora watu wa siasa wa nyakati zote, wala sitamtilia maneno mengine kinywani. Lakini tarehe zinakaribiana mno. Tena angalieni kwamba Linghu Chong hamtii mwalimu katika uovu. Anakataa kushiriki, anakwenda zake, anabaki na huzuni. Deni analijua, ila halilipi kwa kuwa mtumwa.

Sasa nageukia wale wasiokufa, ambao vijana wanawapenda zaidi. Xian ni mtu aliyeshinda mauti. Alama yake ya kuandikia imeundwa kwa mtu na mlima. Wachina waliitafuta hali hiyo kwa bidii ya kweli. Mfalme wa kwanza wa Qin alituma watu baharini kutafuta visiwa vya wasiokufa. Wafalme kadhaa wa nasaba ya Tang walidhuriwa na vidonge vya zebaki walivyopewa ili waishi milele. Na ni watafutaji hao hao wa dawa, yapata karne ya tisa, waliochanganya shura, salfa na makaa wakapata baruti. Kichina huiita hadi leo huoyao, “dawa ya moto”.

Riwaya za namna hii zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1932 gazeti la Tianjin lilianza kutoa hadithi ya Huanzhulouzhu juu ya wapiganaji wanaopaa katika milima ya Shu, nayo ikaendelea kwa miaka mingi. Lakini mafuriko yalikuja na intaneti baada ya mwaka 2000. Humo mwanafunzi hupanda ngazi. Kwanza husafisha pumzi, halafu hujenga msingi, halafu huunda kiini cha dhahabu tumboni, halafu kiini hicho huzaa kichanga cha roho. Kila daraja humwongezea miaka ya kuishi. Kuna vidonge vya kusaidia kupanda, kuna mawe yenye nguvu yanayotumika kama fedha, na mbele ya madaraja ya juu kuna radi ya mbinguni inayompima mtahiniwa; akishindwa huwa majivu.

Nimesema mtahiniwa, na sikuteleza. Uchina iliwachagua watumishi wake kwa mitihani mpaka mwaka 1905, na tangu mwaka 1977 mtihani wa kuingia vyuo vikuu umerudi kuamua maisha ya mamilioni. Naona mimi kwamba ngazi ya wasiokufa ni ngazi ya mitihani iliyovikwa mawingu. Ndiyo sababu kijana wa hapa kwetu huielewa mara moja bila kufafanuliwa.

Tazameni hali ya mwalimu katika ulimwengu huo. Katika Fanren Xiuxian Zhuan, iliyoanza kutolewa mwaka 2008, Han Li ni mtoto wa kijiji maskini, mwenye kipaji kidogo. Anapokewa na mganga aitwaye Mo, anayemfundisha kwa bidii ya ajabu. Kijana anakuja kugundua kwamba mwalimu anamnenepesha kama kuku: anataka kuingia katika mwili wake na kuuchukua uwe wake. Han Li anaokoka, na tangu siku hiyo ni mtu wa tahadhari tu. Sitamlaumu, wala sitawalaumu wanaompenda. Lakini chuo kimebadilika. Kwa Linghu Chong kilikuwa nyumbani, hata kilipokuwa kibovu. Kwa Han Li ni kituo cha basi.

Na wasioweza kupanda? Wapo katika kila riwaya. Huitwa wanafunzi wa nje. Wanafagia ngazi za mlima na kuchota maji, na mwandishi akishawapita hatawataja tena. Ndugu Mwenyekiti, natazama ukumbi huu naona madaktari, wahandisi, mameneja, na mheshimiwa mmoja au wawili. Simwoni aliyeishia Kidato cha Pili kwa kukosa ada. Simwoni aliyefeli akarudi kulima. Nao waliingia langoni siku moja na sisi, na kwa hesabu ya jianghu baadhi yao ni kaka zetu. Naiomba Kamati, kabla ya mkutano ujao, ichukue daftari la kuandikishwa badala ya orodha ya waliofaulu, ipeleke mialiko kwa kufuata hilo.

Kwa vijana watakaopenda kuanza, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba tafsiri za Kiingereza za Jin Yong, ikiwamo riwaya yake ya mwisho, Luding Ji. Shujaa wake, Wei Xiaobao, alizaliwa katika danguro, hajui kusoma, na katika ustadi wote wa vita amejifunza vizuri kukimbia tu. Mwalimu wake anataka mfalme aangushwe, na mfalme ni rafiki yake wa kuchezea mieleka. Hamsaliti yeyote kati yao. Mwalimu anapouawa, kijana huyu mwongo, ambaye hakuwahi kumjua baba yake, analia kama aliyefiwa na baba. Msianze na hicho lakini. Kina vicheko vingi ambavyo havieleweki mpaka umesoma vingine.