Mzigo Usiosemwa: Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Mpondwe



Nimeombwa niseme juu ya ustahimilivu. Kwa mtu aliyevaa sare ni neno jepesi kulitamka, lakini nyinyi ndio mliolisomea. Mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa watu, malori ya mizigo yakaruhusiwa. Mwenye lori akapita; mama mwenye beseni la samaki kichwani akabaki ng'ambo hii. Mwezi Mei mwaka huohuo mito ya Rwenzori ilifurika, na mto Nyamwamba ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Shule nazo hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Misiba hiyo haikugawana nyumba. Mara nyingi yote iliingia katika nyumba moja.

Wako wasemao kwamba dawa ya dhiki ni kutabasamu na kungoja. Sikubaliani nao. Watazameni wavuna chumvi wa Katwe, ambao chumvi yao mnaiuza hapa. Mvua ikinyesha, maji matamu huingia vidimbwini na chumvi haigandi. Mvunaji hawezi kuliamuru jua liwake. Lakini aweza kuziba kingo za udongo, kuchota maji yaliyozidi, na kutafuta kibarua kingine mpaka kiangazi kirudi. Tena kazi hiyo haifanyi peke yake, kwa kuwa ukingo wake ni ukingo wa jirani pia.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Yuko mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyeshindwa kurejesha mkopo wa kikundi cha akiba. Akaona haya kuwaambia wenzake. Akakopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili alipe kikundi, kisha akavusha mzigo usiku kwa njia ya panya ili amlipe mkopeshaji. Mzigo ukachukuliwa na maji. Alipofika mezani kwetu alikuwa hajalala siku nne, naye alikuwa akizungumza habari za kufa. Na deni la mwanzo, ndugu zangu, halikufikia bei ya mbuzi! Wanakikundi walipoarifiwa, walimwongezea miezi mitatu. Mmoja wao aliuliza kwa uchungu kwa nini wao walikuwa wa mwisho kujua.

Sisemi kwamba kila dhiki huisha kwa kuelezwa. Mpaka ukifungwa umefungwa. Ila katika magomvi ya nyumbani niliyoyasikiliza, mengi yalianza na hasara ndogo iliyofichwa. Wanaume wenzangu, hili latuhusu zaidi. Sisi huificha hasara ndani ya chupa, na mke huijua siku bati linapouzwa.

Basi nina maombi machache. Mwenye deni na amwendee mdai kabla ya siku ya malipo, si baada yake. Vikundi visimtoze faini mtu aliyekuja kusema mapema, kwani faini hiyo humfundisha kunyamaza. Na ukimsikia jirani akisema kwamba amechoka kuishi, usimcheke wala usimhubirie. Kaa naye, mwondolee dawa za shambani zilizo karibu, kisha umsindikize hospitali ya Bwera au kituo cha afya kilicho karibu. Asiende peke yake.

Sisi nasi tuna wajibu. Mtu akija kituoni kueleza taabu yake, si lazima awe ameshtakiwa wala awe na wa kumshtaki. Akifika usiku, na abishe hodi. Askari wa zamu hatamuuliza kwanza ametoka ng'ambo gani ya mto.