Kama Kura Haina Maana, Mbona Walihangaika Kuwanyang'anya?



 Nitaanza na neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia barazani: "Kura ya nini? Haibadilishi kitu." Leo sitalijibu kwa siasa za hapa kwetu, manake tutagombana bure. Nitawapeleka mbali, Ufaransa ya mwaka 1848, halafu mtaamua wenyewe.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa na watu kama milioni 35, na mfalme wao akiitwa Louis-Philippe. Bunge lilikuwepo. Uchaguzi ulikuwepo pia. Lakini ili upige kura ilibidi uwe mwanamume unayelipa kodi ya faranga 200 kwa mwaka. Waliofikia kiwango hicho hawakuzidi robo milioni. Wengine wote, fundi, mkulima, mwalimu wa kijijini, walikuwa watazamaji tu.

Februari 1848 watu wa Paris wakaingia barabarani. Siku tatu tu, mfalme akakimbia. Serikali ya muda ikatangaza jamhuri, na tarehe 5 Machi ikatoa amri: kila mwanamume wa miaka 21 na zaidi, aliyekaa mahali pake miezi sita, ana kura, na kura ni ya siri. Kutoka robo milioni, daftari likapanda hadi zaidi ya milioni 9. Amri hiyohiyo ikasema mbunge atalipwa faranga 25 kwa siku, ili hata maskini aweze kugombea bila kulala njaa. Hizo faranga 25 zikumbukeni, nitazirudia.

Uchaguzi ukafanyika Aprili, Jumapili ya Pasaka. Watu walitembea kwa miguu kutoka vijijini hadi makao ya tarafa. Karibu asilimia 84 walijitokeza. Mara ya kwanza, wallahi, asilimia 84!

Sasa tusidanganyane. "Watu wote" walikuwa kina nani? Wanawake hawakuwemo. Jeanne Deroin aligombea ubunge mwaka 1849 kuwaaibisha, wakamkatalia. Wanawake wa Ufaransa walisubiri hadi 1944 kupata haki hiyo. Na Waislamu wa Algeria? Katiba mpya iliitangaza Algeria kuwa ardhi ya Ufaransa, lakini itawaliwe kwa sheria zake maalum. Yaani ardhi ni yetu, watu si wenzetu. Amiri Abdelkader, aliyejisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende nchi za mashariki, alikuwa kifungoni Ufaransa wakati wabunge wanahutubiana kuhusu uhuru. Wabunge wale hawakumfungua. Baadaye, mwaka 1865, sheria ikasema Mwislamu wa Algeria ni wa Ufaransa, lakini akitaka uraia kamili, aache kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi yake.

Lakini haki pia tuiseme. Jamhuri hiyohiyo, tarehe 27 Aprili 1848, ilifuta utumwa katika makoloni yake. Kisiwani Réunion, hapa kwenye bahari yetu ya Hindi, zaidi ya watu 60,000 waliachwa huru. Wengi wao asili yao ilikuwa Madagascar na pwani hii ya Afrika Mashariki. Siku yao ya uhuru ilikuwa tarehe 20 Desemba 1848. Na tarehe hiyohiyo, kule Paris, mtu mmoja alikuwa akila kiapo. Hebu tumtazame.

Katiba ilipitishwa tarehe 4 Novemba 1848. Iliweka bunge moja la watu 750, na rais atakayechaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka minne. Mbunge mmoja, Jules Grévy, alionya: mkimpa mtu mmoja mamilioni ya kura, pamoja na jeshi na watumishi wote wa serikali, mtamzuia vipi akitaka kuwa mfalme? Akapendekeza kusiwe na rais wa namna hiyo. Akapigwa chini, kura 643 kwa 158. Mshairi Lamartine, aliyekuwa kipenzi cha watu, alisimama kutetea rais achaguliwe na wananchi. Yeye mwenyewe akagombea. Hata kura 25,000 hazikufika.

Aliyeshinda ni Louis-Napoléon Bonaparte, mpwa wa yule Napoléon. Alipata zaidi ya kura milioni 5. Aliyemfuata, Jenerali Cavaignac, aliyewamiminia risasi wafanyakazi wa Paris mwezi Juni, alipata kama milioni 1.4. Wakulima wengi walilijua jina moja tu kwenye orodha, na jina likatosha. Huyo ndiye aliyekula kiapo tarehe 20 Desemba kuilinda katiba.

Waandishi wa katiba hawakuwa wajinga. Waliandika kwamba rais hawezi kugombea tena mfululizo. Wakaandika kifungu cha 68: rais akilivunja bunge, huo ni uhaini, na madaraka yanamtoka hapohapo. Karatasini ilikuwa imara kama ukuta wa Fort Jesus.

Ukuta ulibomokaje basi? Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mwaka 1850 wabunge wengi walikuwa matajiri na wahafidhina. Waliona mafundi na vibarua wa mijini wanachagua watu wasiowapenda. Katiba iliwazuia kufuta kura ya watu wote. Wakafanya nini? Wakapita mlango wa nyuma. Sheria ya tarehe 31 Mei 1850 ilisema: mpiga kura awe amekaa sehemu moja miaka mitatu, na athibitishe, hasa kwa daftari la kodi. Kibarua anayehama kufuata kazi atathibitisha nini? Adolphe Thiers alisimama bungeni akawaita watu hao umati duni. Hakuna aliyeambiwa "huna haki." Aliambiwa tu "lete karatasi." Karibu watu milioni 3 wakatoka kwenye daftari, kati ya milioni 9 na ushee.

Rais akaona nafasi. Alitaka katiba ibadilishwe agombee tena. Julai 1851 akapata wabunge 446 dhidi ya 278, lakini katiba ilitaka robo tatu, hazikutosha. Basi akageuka mtetezi wa wanyonge. Akaliomba bunge liwarudishie watu kura zao. Bunge likakataa, kwa tofauti ya kura chache mno.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1851 askari waliwakamata viongozi wa bunge wakiwa vitandani, Thiers mwenyewe akiwemo. Asubuhi matangazo yalikuwa yamebandikwa kila ukuta: bunge limevunjwa, na kura ya watu wote imerudishwa. Kifungu cha 68 kilikuwepo. Wabunge kama 200 walikusanyika wakakisoma: rais ameondolewa. Wakabebwa na askari wote.

Mbunge Alphonse Baudin alikwenda mtaa wa mafundi kuwaomba wasimame. Inasimuliwa kwamba wakamjibu: tufe ili nyinyi mbaki na faranga zenu 25? Akawaambia wataona mtu anavyokufa kwa faranga 25. Akapanda juu ya kizuizi cha barabarani, akapigwa risasi.

Msiwalaumu haraka wale mafundi. Bunge lililowaita umati duni lilikuwa linawaomba damu yao. Lilipowatoa kwenye daftari lilijiondolea walinzi wake. Maelfu waliopinga, wengi kutoka vijijini, walihukumiwa kupelekwa Algeria. Mwaka mmoja baadaye jamhuri ikawa ufalme wa Napoléon III, na wale walioachwa huru Réunion hawakuwa tena na mbunge Paris.

Kwa hivyo, vijana, nawaachia mambo mawili. Kwanza, kama kura haina maana, mbona watu wenye mali na elimu walihangaika hivyo kuwanyang'anya watu milioni 3? Mwizi haingii nyumba isiyo na kitu. Pili, haki mara nyingi haifutwi kwa kelele. Hupunguzwa kwa sharti moja dogo, karatasi moja, muhuri mmoja, na anayepunguziwa leo ni jirani yako. Ukinyamaza kwa sababu jina lako bado limo, siku yako ikifika utamwita nani?

Nendeni mkasome. Msichoke kuuliza nani hayumo kwenye daftari.