Mashini Yetu Ingali Inatembea: Tufanye Nini na Windows 10?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wenzetu, Lubumbashi



Umeme umekatika tangu saa sita na tunaongea bila mikro. Tunajua wengine wenu mlifikiri leo tutaongea juu ya barabara ao juu ya uchaguzi. Hapana. Leo tunaongea juu ya ordinatere. Mtuvumilie, mtaona sababu.

Kundi letu liko na mashini moja tu. Tuliichangia mwaka 2021, kila mtu alileta kile alichokuwa nacho, na tukanunua ile ya kubeba mkononi, yenye ilikuwa imeshatumika Bulaya. Si mbaya. Njo inatuandikia barua za kupeleka ku meri, njo inabomba picha za mifereji iliyoziba na za mabomba ya maji yaliyopasuka. Na ndani yake muko kitu kingine: majina ya wanamemba wote, namba zao za simu, na majina ya wale ambao siku moja walishikwa, pamoja na familia zao za kupigia simu.

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, ile mashini ilianza kutuonyesha ujumbe: Windows 10 imefika mwisho. Mmoja akasema tuiuzishe. Mwingine akasema ni biashara tu, tufunge ujumbe. Kwa miezi miwili tulifunga ujumbe. Kisha mwenzetu mmoja akaenda fasi ya fotokopi kupigisha barua yake ya kuomba kazi, akarudi na fulashi, akaichomeka. Mafolda yote yakageuka njia za mkato, ukifinya hakuna kitu. Siku mbili tulikuwa tunatafuta mafaili.

Tusidanganyane: virusi ya namna ile ingeweza kuingia ata mbele ya mwezi wa kumi. Lakini ilituamusha. Kama fulashi ya fotokopi inaingia hivyo, mtu mwenye nia mbaya, mwenye kutafuta yale majina, angeingia namna gani?

Bon. Nini kiliisha? Windows 10 ilitoka tarehe 29 mwezi wa saba 2015. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft iliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama ya bure. Si mara ya kwanza. Windows XP iliachwa mwezi wa ine 2014, Windows 7 mwezi wa kwanza 2020. Mashini haizimiki. Kesho yake inawaka kama jana, mafaili yako yako, muziki unalia. Ndiyo maana batu wanasema, «Mbona iko muzuri tu?»

Kinachobadilika hakionekani kwa macho. Kila mwezi wanagundua matundu ndani ya Windows. Mbele, walikuwa wanayaziba. Sasa wanayaziba ndani ya Windows 11, na mbili hizi ni ndugu, ziko na sehemu nyingi zilezile. Mwizi wa intaneti anachukua lile rekebisho la Windows 11, anaangalia lilibadilisha nini, anajua tundu lilikuwa fasi gani, kisha anaenda kulitafuta kwako, kwenye Windows 10, fasi hakuna mtu wa kuliziba. Kila mwezi unaopita, matundu yanaongezeka. Ni kama nyumba yenye kufuli ambayo picha ya ufunguo wake imebandikwa sokoni.

Mkumbuke WannaCry, tarehe 12 mwezi wa tano 2017. Ile virusi iliingia inchi zaidi ya 150 kwa siku chache, ikafunga mafaili na kuomba pesa. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na rekebisho lilikuwa limeshatoka miezi miwili mbele, mwezi wa tatu! Wale ambao hawakuliweka walipigwa. Na wenye XP, mashini iliyoachwa tangu 2014, wao hawakukuwa nalo kabisa. Microsoft iliwatolea moja ya haraka wakati moto umeshawaka.

Sasa tuje kwenye mashini yako wewe. Mbele ya kuuzisha, mbele ya kumpa fundi pesa, ijue. Finya kifungo cha Windows pamoja na R, andika winver, utaona uko na Windows gani. Kisha tafuta jina la prosesa. Kama ni ya Intel na imeandikwa kwa mfano i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari ni kizazi cha sita. i5-8250U ni cha nane. Windows 11 inaomba, kwa Intel, kizazi cha nane na kuendelea, giga 4 za memwari (memwari ya mashini, si ile tuliyotetea ku chuo tukabaki shomeri), giga 64 za disiki, na kachipi ka usalama kanakoitwa TPM 2.0. Finya tena Windows na R, andika tpm.msc, itakuambia kama kako. Wakati mwingine kako ndani lakini kamezimwa. Fundi mwenye kujua anakawasha kwa dakika tano. Ukikuta mashini yako inatosha, pandisha Windows 11, ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, na mazungumzo ya leo kwako yanaishia hapa.

Yetu ni kizazi cha sita. Haitoshi.

Kuna njia ya kuongeza mwaka mmoja. Microsoft inakubali kuendelea kutuma marekebisho ya usalama paka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Unaingia ndani ya mipangilio, fasi ya Windows Update, na unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Iko namna tatu: kulipa dola 30, ao kutumia pointi 1000 za zawadi zao, ao kukubali mipangilio ya mashini yako ibombwe kwao kwa intaneti, na hiyo ya mwisho hailipishwi. Akaunti moja inaweza kuandikisha mashini paka 10. Kwa hiyo kama Windows yako ni halali na unataka muda wa kufikiri, fanya hivyo leo hii. Ni mwaka mmoja tu lakini, na tayari umeanza kuliwa.

Na hapa turuhusuni tuseme neno. Bulaya, mashirika ya kutetea wanunuzi yalipiga kelele, yaliandika barua, yaliuliza kwa nini mtu alipie usalama wa kitu alichokwisha kununua. Mwezi wa tisa 2025 Microsoft ilikubali: watu wa kule wapate ule mwaka bure, bila kulipa wala kubomba mipangilio, waingie tu na akaunti. Sisi hapana. Sisi ambao kobalti ya betri za mashini hizo, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, inatoka katika udongo wa inchi hii, na tunaona malori yanapita kutoka Kolwezi kila siku. Walipata juu waliomba pamoja. Sisi tuliomba wakati gani?

Turudi. Njia ingine batu wanaipenda sana hapa mujini: fundi anakuambia, «Leta dola, nakuwekea Windows 11 kwa nguvu.» Inawezekana kweli, iko programu ya kuruka yale masharti. Lakini Microsoft yenyewe inasema mashini ya namna hiyo haina haki ya kupata marekebisho, na tangu toleo la 2024, mashini za zamani sana kama za Core 2 Duo hazikubali ata kuwaka nayo. Na tuseme ukweli wa kwetu: Windows nyingi za hapa ni za kuvunjwa. Ile kaprogramu ka kuvunja, kanakoomba uzime antivirisi kwanza, nani alikatengeneza? Aliweka nini ndani? Mwenzetu mmoja alilipa, mashini ikatembea pole kama mtu mwenye malaria, na baada ya wiki mbili akaunti yake ya Facebook ilikuwa inaomba pesa kwa bashangazi wake wote.

Sisi tulichagua Linux. Msiogope jina. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, aliandika kiini chake na kukiweka wazi, kila mtu akichukue, akirekebishe, akigawe. Leo kinaendesha simu zote za Android zilizo mifukoni mwenu. Ni bure, na si ya kuvunjwa. Ukimkopia mwenzako hujaiba kitu.

Iko ya namna nyingi, na hapo batu wanapotea. Tuliweka Linux Mint, ile yenye kuitwa Xfce, juu ni nyepesi: giga 2 za memwari zinatosha kuanza, 4 unatembea vizuri, na giga 20 za disiki. Toleo la 22 litapata marekebisho paka 2029. Kifaransa kimo. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea. Mama wa mmoja wetu aliikalia, akafungua barua, akaandika, hakuuliza kitu paka alipotaka kuzima.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kwanza kabisa, kopi ya mafaili yako yote kwenye disiki ya inje ao fulashi kubwa, na ufungue mafaili matatu ine uone kweli yamo. Tunasisitiza juu tulishaona mtu analia. Kama disiki yako imefungwa na BitLocker, andika ule ufunguo wake kwenye karatasi mbele ya kugusa chochote. Kisha faili la Mint, ni karibu giga 3. Tunajua bei ya mega. Kwa hiyo lilishushwe mara moja, usiku, na mtu mmoja, kisha lizunguke kwa fulashi. Lakini lichunguzwe: ndani ya Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ile mistari ya herufi na namba itakayotoka ilingane na ile iliyo kwenye ukurasa wa Mint wenyewe. Herufi moja ikitofautiana, tupa faili. Usiseme, «Alinipa ndugu yangu.» Ndugu yako naye alipewa.

Faili lile unaliandika kwenye fulashi ya giga 8 kwa programu kama Rufus, na litafuta vyote vilivyokuwa kwenye fulashi hiyo. Unawasha mashini ukifinya F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, unachagua fulashi. Na uzuri uko hapa: Mint inafunguka bila kugusa disiki yako. Cheza nayo siku nzima. Jaribu wifi, sauti, kamera, ile imprimante ya ofisi. Kitu kikikataa, zima, ondoa fulashi, Windows yako ingali palepale. Ukiridhika njo unaiweka. Na siku ile fanya kwa fasi yenye umeme wa uhakika, ao betri ikiwa nzima. Umeme ukikatika katikati ya kazi utatukumbuka.

Kama uko na kapesa kidogo, usinunue ordinatere nyingine. Badilisha disiki ya zamani ile ya kuzunguka, weka SSD. Ni hiyo iliyobadilisha mashini yetu kuliko kitu kingine chote.

Hatutawaficha mabaya. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, lakini memwari ndefu yenye majedwali inaweza kusogea. Mbele ya kupeleka, itoe kwa PDF. AutoCAD haimo. Programu nyingi za hesabu za kampuni hazimo. Michezo mingine haimo. Mtu anayeishi kwa programu kama hizo asitusikilize, aandikishe ule mwaka mmoja na aanze kuchanga.

Na wale watakaobaki na Windows 10 bila kitu? Hatuwahukumu. Lakini basi mashini ile iwe ya kuandika na kuangalia filamu. Usiingize humo neno la siri la pesa ya simu. Kila fulashi ichunguzwe mbele ya kufungua. Firefox ao Chrome iwe mpya. Na majina ya batu wengine, yaani wale waliokuamini, yatoke humo usiku wa leo.

Mama mmoja ametuuliza kule nyuma: yeye anauzisha unga, hesabu zake ziko ndani ya Excel, mashini ni ya mtoto aliyekwenda Kolwezi, je aguse? Mama, usiguse bila mtoto. Mpigie simu kwanza, muulize neno la siri na kama ana kitu chake humo. Kisha uje nayo. Hesabu za Excel zitafunguka ndani ya LibreOffice, tutazifungua mbele yako na utahesabu wewe mwenyewe uone kama jumla ni ileile.

Siku ya posho tutakuwa hapa tangu saa mbili ya asubuhi. Fulashi tatu ziko tayari na zimechunguzwa. Hakuna kulipa. Ulete mashini, shaja yake, na kopi ya mafaili yako ikiwa imeshafanywa. Mwenye kuja bila kopi tutamrudisha nyumbani, ata akiwa rafiki yetu.