Nyumba ya Paxtu na Swali la Kijana

Hotuba kwa walimu na wazee wa Kanisa katika siku za Yubile



Tumeagizwa kusema maneno machache juu ya malezi ya vijana. Habari za makanisa na shule zilizojengwa tangu wamisionari wa kwanza walipofika, wengine wamekwisha kuzieleza mbele yenu, nasi hatutazirudia. Twapenda kuwapa habari ya safari moja, kwa kuwa katika safari ile tuliulizwa swali, na swali lile halijatutoka moyoni hata leo.

Tulikwenda Nyeri, katika nchi ya Kenya, walimu watatu pamoja na vijana kumi na wanne wa parokia yetu. Mji ule uko yapata kilomita 150 kaskazini ya Nairobi, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Shabaha yetu ilikuwa kuiona nyumba aliyokaa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, katika miaka ya mwisho ya maisha yake.

Nyumba yenyewe imo katika uwanja wa hoteli iitwayo Outspan, iliyofunguliwa mwaka 1928 na Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa mwandishi wa Baden-Powell. Ilijengwa mwaka 1938, ili mzee yule na mkewe Olave wapate mahali pa kupumzika. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na pax kwa Kilatini maana yake ni amani. Basi hii ya Nyeri wakaiita Paxtu, kwa mzaha wa Kiingereza, kana kwamba wasema, Hapa napo pana amani, tena ni amani ya pili.

Vijana wetu walitazamia kuona jumba. Walisema njiani, Mtu aliyefuatwa na mamilioni hakosi kuwa na ngome. Walipofika wakaiona nyumba ya kiasi, yenye baraza na bustani, isiyozidi sana nyumba ya mwalimu mkuu. Wakatazamana. Ndani wakaona picha za mzee na mkewe, na vitambaa vya shingoni na beji nyingi sana, vilivyoachwa na maskauti waliokuja kutoka nchi za mbali. Mawingu yalipoondoka kidogo, wakauona Mlima Kenya. Wakanyamaza.

Tulipotoka tukaketi majanini, nasi tukawaeleza habari zake. Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, aliyekuwa padre na mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikufa mtoto alipokuwa na miaka 3, akalelewa na mama yake. Akawa askari, akatumika Bara Hindi na Afrika. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, mji wa Mafeking aliokuwa akiulinda ulizingirwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Huko wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, wakaifanya vema. Jambo hilo lilimkaa moyoni: ya kuwa mtoto akiaminiwa kwa kazi ya kweli, huinuka akaifikia kazi ile.

Basi mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana yapata 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini ya Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa matajiri, wengine watoto wa watu wa kazi za mikono, wakalala katika kambi moja. Akawagawanya katika vikosi vinne, na juu ya kila kikosi akamweka mvulana mmoja kuwa kiongozi. Hakuweka mtu mzima. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na wavulana wakaanza kuunda vikosi wenyewe hata kabla ya kuagizwa. Mwaka 1910 chama cha wasichana kikaanza, akisaidiwa na dada yake Agnes. Leo maskauti wamo katika nchi zaidi ya 170, na hesabu yao yapita milioni 50.

Tulipofika hapo, kijana mmoja, mwenye miaka yapata kumi na mitano, akainua mkono akauliza, Mwalimu, mtu huyu alitupenda sisi Waafrika?

Ndugu zetu, swali hili lilitushika kooni. Ilikuwa rahisi kusema, Ndiyo, alitupenda, kisha tukaondoka kwenda kula. Lakini mwalimu amdanganyaye mtoto juu ya wafu, kesho hataaminiwa anenapo habari za Mungu. Kwa hiyo tulisema tuliyoyajua. Tulisema ya kuwa mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, nchi iitwayo leo Zimbabwe, chifu mmoja jina lake Uwini alikamatwa, naye Baden-Powell akamweka mbele ya baraza la kijeshi, na chifu akapigwa risasi. Uchunguzi ukafanywa, na baraza la askari wenzake likamwondolea lawama; walakini Uwini hakufufuka. Tulisema tena ya kuwa Afrika ya Kusini wavulana Waafrika hawakupokewa kuwa maskauti. Waliwekwa katika chama cha mbali kilichoitwa Pathfinders, na hata mwaka 1936 walipokubaliwa, walibaki katika tawi lao peke yao. Katika Kenya ya siku za ukoloni pia, vikosi viligawanyika kwa rangi. Yule aliyewalaza watoto wa matajiri na wa maskini katika kambi moja kule Brownsea, hakuthubutu kuyatenda hayo katika Afrika.

Kijana akasema, Basi mbona tumekuja?

Tukamjibu hivi. Katika sheria za skauti, ya nne yamtaka skauti awe rafiki wa watu wote, na ndugu wa kila skauti mwenziwe. Vijana Waafrika waliisoma sheria ile, wakaishika kwa mikono miwili, wakawaambia wakubwa: Kama neno hili ni kweli, sisi tu ndugu zenu. Mwanzilishi aliandika neno lililokuwa kubwa kuliko matendo yake, kisha watoto wakamdai alilipe. Na hilo ndilo tulilokuja kuliona: kazi iliyo njema huweza kumhukumu hata yeye aliyeianza, nayo ikaendelea.

Tulimwambia kijana hayo. Lakini usiku ule tulipolala, sisi walimu watatu tuliona ya kuwa jibu letu limetugeukia sisi.

Maana sisi pia tuna waanzilishi. Wamisionari wetu walituletea Neno, wakatufundisha kusoma, na wengine wao wamezikwa katika udongo wetu, twawashukuru. Hata hivyo babu zetu makatekista walifundisha miaka mingi wakiwa wameketi mkeka wa nyuma, na funguo za sanduku la kanisa zilikaa mfukoni mwa mgeni. Babu zetu waliona uchungu, wakadai kwa Neno lile lile walilofundishwa, wakapewa. Nasi tulipozipokea funguo, tumefanyaje? Tumezitia mfukoni mwetu.

Twakiri mbele yenu. Parokia yetu ilikuwa na kikosi cha skauti, vijana thelathini na zaidi. Mmoja wetu alikuwa mkuu wake. Yeye ndiye aliyepanga safari, yeye aliyetunza ngoma na mahema, yeye aliyeshika daftari la fedha. Vijana walipiga saluti, wakatembea kwa safu nzuri siku za sikukuu, na wazee wakasifu. Mwalimu yule alipohamishwa, kikosi kilikufa katika muda wa miezi mitatu. Mahema yaliliwa na panya kabatini, kwa sababu hakuna kijana aliyejua ufunguo uko wapi. Tulisema, Vijana wa siku hizi ni wavivu. Haikuwa kweli. Hatukuwa tumewapa kitu cha kushika.

Asubuhi yake tulikwenda kaburini. Baden-Powell alikufa Nyeri tarehe 8 Januari 1941, mwenye umri wa miaka 83, akazikwa katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Mkewe alikufa Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa yakawekwa pamoja naye. Juu ya jiwe imechorwa duara yenye nukta katikati. Ni alama waiwekayo maskauti njiani mwisho wa safari, kuwajulisha wanaofuata ya kuwa aliyetangulia amekwenda nyumbani. Wazee wetu wa pwani husema, Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mwaka, ifikapo siku ya kuzaliwa kwake, maskauti hukusanyika hapo. Hawaji kuuliza kazi iendeleeje. Kazi wanayo tayari mikononi. Musa naye alimwekea Yoshua mikono kabla ya kufa, na kaburi lake halikujulikana, lakini watu walivuka Yordani.

Tuliporudi tuliwaita vijana, tukawapa ufunguo wa kabati, na daftari, na ngoma. Wakachagua viongozi wao, na wasichana wakachaguliwa pia. Mwezi wa kwanza ngoma moja ilipasuka, na hesabu ya fedha ikapungua kidogo. Mzee mmoja akataka tuwanyang'anye. Tukamwomba angoje. Vijana wakalima shamba la mjane mmoja kwa ujira, wakalipa upungufu, wakawamba ngoma ngozi mpya. Sasa ni mwaka wa pili, na mkutano wao hufanyika hata sisi tusipokuwapo.

Wapendwa, mwaka wa yubile katika sheria ya Musa ulikuwa mwaka wa kurudisha: shamba kwa mwenyewe, na mtu kwa jamaa yake. Twawaomba kila parokia itafute kitu kimoja ilichowazuilia vijana wake, iwe ufunguo, au daftari, au kiti katika baraza la wazee, ikirudishe kabla ya sherehe hizi kwisha. Na wakiwauliza swali gumu juu ya waliotutangulia, au juu yetu sisi wenyewe, wajibuni kweli.

Mungu aliyeianza kazi hii kabla yetu na ailinde baada yetu. Amina.